Chumba cha Kulainisha Kumbukumbu

Mama yake Sekela alipoanguka jikoni, Sekela alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji mkononi, akawa anatazama tu. Aliuona mwili wa mama ukikakamaa, kisha ukaanza kutikisika, kichwa kikigonga sakafu na mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Aliuona mkono wake wa kushoto ukirukaruka karibu na mafiga, ambako kande zilikuwa zikichemka tangu asubuhi, maana Bupe, ndilo jina la mama huyo, hakukubali kamwe kupika kande kwa jiko la umeme. Akauona mkono ule ukiingia kwenye makaa. Moyo wa Sekela ulikuwa umetulia tuli. Wazo moja tu lilimjia, tena bila haraka: mwanamke huyu anaumwa.

Mama Ambwene, jirani wa ng'ambo ya uzio wa michongoma, alisikia sufuria ikidondoka akaja mbio, kandambili moja mguuni. Alimpiga Sekela kikumbo, akamvuta mgonjwa mbali na moto, akamlaza ubavu, akakunja kitenge na kukiweka chini ya kichwa chake, akamlegezea sweta shingoni. Kisha, bila kugeuka, akamwambia Sekela aangalie saa. Sekela hakuelewa aangalie saa ya nini. Aliliweka jagi mezani taratibu ili maji yasimwagike.

Mtikisiko ulipokwisha na Bupe akaanza kukoroma kama mtu aliyezama usingizini, Mama Ambwene aliuosha mkono ulioungua kwa maji baridi, maji mengi, na ndipo alipoinua macho.

"Ulisimama tu, Sekela?"

"Sikujua la kufanya, mama."

Mama Ambwene alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza kitu kinachotembea juu ya dari.

"Nani alinifundisha mimi kumlaza ubavu? Nani alinikataza kumtia kijiko mdomoni? Ni wewe, mwanangu. Ulikuwa darasa la nne. Ulinisimamia papa hapa kama nesi."

Sekela alilitafuta jambo hilo kichwani mwake. Alitafuta darasa la nne, jikoni, mama chini, jirani amepiga magoti. Hakukuta kitu. Hakukuta hata ile hali ya mtu aliyesahau, ambaye huhisi neno limemkaa ulimini. Palikuwa patupu, laini, kama ukuta uliopakwa rangi juu ya mlango uliozibwa. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Akakaa chini, karibu na miguu ya mama yake, akaiangalia ile miguu yenye nyufa za kisigino na kucha zilizokatwa vizuri, akajiuliza ni lini mara ya mwisho aliiona.

*

Shule ya Wasichana ya Kilimamvua ilikuwa juu kabisa, upande wa Rungwe, mahali ambapo ukungu huingia darasani pamoja na wanafunzi. Wazazi walipigania nafasi pale. Shule nyingine zilifundisha vizuri pia, lakini Kilimamvua ilikuwa na chumba ambacho wengine hawakuwa nacho.

Kila msichana wa kidato cha kwanza na cha pili aliingia humo mara moja kwa juma. Alikaa kwenye kiti cha kuegama, akafungwa utepe mwembamba wa kijivu kwenye paji la uso, na mwalimu mlezi akamwambia akumbuke jambo linalomfanya ajione si kitu. Siku aliyochekwa. Siku aliyopigwa mbele ya wenzake. Siku baba alipomwambia kwamba ada yake ni hasara. Watengenezaji wa utepe walikuwa wamegundua kwamba kumbukumbu ikiitwa hulegea kwa muda kabla haijakaza tena, kama saruji mbichi. Katika muda huo utepe hupoza hofu na aibu iliyoshikamana nayo. Baada ya majuma kadhaa jambo lile hubaki kama habari ya mtu mwingine. Kwa baadhi ya wasichana, na hili walimu walilisema kwa sauti ya chini, halikubaki hata kama habari.

Matokeo yalionekana. Wasichana waliokuwa wakikaa nyuma na kuongea na meza zao walianza kunyoosha mikono. Sekela mwenyewe, alipoingia Kilimamvua, alikuwa hawezi kusoma aya moja kwa sauti, na kabla ya kila jaribio alitapika. Sasa alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili na Biolojia, na alipopita mbele kusoma, sauti yake ilifika mpaka kwenye bweni.

Hayo yote aliyajua, maana walimu walikuwa wameyasimulia mara nyingi mbele ya wageni. Lakini likizo ile, akiwa amekaa kando ya kitanda cha mama yake, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji na mganga wa zahanati, alianza kujipima. Alikumbuka siku ya kupewa zawadi: rangi ya kitambaa cha meza, makofi, harufu ya maua ya plastiki. Alikumbuka alivyojifunza kuendesha baiskeli. Alikumbuka mchana mmoja alipomaliza kitabu kizima akiwa juu ya rundo la majani ya ng'ombe. Kumbukumbu zake zote zilikuwa zinang'aa. Kisha akamtafuta mama ndani yake. Kwenye baiskeli kulikuwa na mikono iliyoshika kiti kwa nyuma, bila mtu. Kwenye mlo wa sikukuu kulikuwa na sahani tatu na watu wawili, yeye na Mama Ambwene. Kila alipogeuza kichwa kumtazama wa tatu, picha ilifunikwa kwa ukungu.

Alimwambia mama yake. Alimwambia kwa kunong'ona, kwa sababu aliogopa kwamba akilisema kwa sauti litakuwa kweli zaidi.

Bupe alimsikiliza akiwa ameangalia dari. Baadaye akaeleza, kwa maneno machache, kwamba amekuwa na kifafa tangu akiwa binti, kwamba dawa humsaidia ila si siku zote, na kwamba tangu Sekela akiwa mdogo wa kubebwa na begi la shule, ndiye aliyekuwa akimlinda. Alijua dalili zake kabla ya yeye mwenyewe kuzijua. Akiamka, Sekela ndiye aliyekuwa akimweleza ameanguka wapi, kwa muda gani na nani alikuwepo, kwa kuwa yeye mwenyewe hubaki na shimo.

"Na ulijua wataniondolea hayo?"

"Nilikubali, mwanangu. Waliniambia wataondoa kitu kinachokuzuia kusoma. Nikauliza kama kitu hicho ni mimi. Mwalimu akasema hapana, ni siku moja tu."

Sekela akauliza ni siku gani. Bupe akageukia ukutani, akavuta blanketi kwa mkono wake mzima.

"Imeshaondoka," alisema. "Iache iende."

*

Aliporudi shuleni, Sekela alianza kuona mambo ambayo awali hakuyaona.

Rafiki yake wa kitanda cha juu aliitwa Tumpe, msichana mrefu, mcheshi, hodari wa Hesabu. Tumpe alikuwa na kovu lililoanzia kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono, pana, lenye alama za nyuzi pande zote mbili. Walikuwa wamelala bweni moja zaidi ya mwaka na Sekela hakuwahi kumuuliza. Siku hiyo, wakifua nguo, aliuliza.

Tumpe aliinua mkono na kuutazama kana kwamba amekabidhiwa sasa hivi. Alitabasamu.

"Labda nilizaliwa nalo."

"Lina alama za kushonwa, Tumpe."

"Basi labda nilishonwa," akasema, akaendelea kufua. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Jioni hiyo alikwenda, kama alivyozoea siku hizi, kukaa juu ya ukingo wa daraja la mto ulio chini ya shule, miguu ikining'inia juu ya maji yanayounguruma, akala karanga. Msichana mmoja wa kidato cha juu alimwambia Sekela kwamba Tumpe alipofika Kilimamvua alikuwa hawezi kulivuka daraja lile mpaka ashikwe mkono na kufumba macho.

Sekela hakuacha kuuliza. Kulikuwa na msichana ambaye hakula mayai na hakujua kwa nini. Akisikia harufu yake alitoka nje, akarudi akicheka. Kulikuwa na mwingine aliyeamka kila alfajiri mto umelowa machozi, akaugeuza, akaenda kunawa. Wote walifaulu. Mwalimu akiuliza swali, mikono ilinyooka darasa zima, na Sekela, aliyekuwa akinyoosha wake kabla ya wote, sasa aliiangalia mikono ile akaihesabu mmoja mmoja.

Alikwenda kumwona Mwalimu Gwakisa.

Huyu ndiye aliyekuwa mlezi na mwendeshaji wa chumba. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake akiwa anafikiri, na hakuna msichana aliyemwogopa. Hakumficha Sekela. Alimweleza kwamba utepe, kabla ya kupoza chochote, hunakili kumbukumbu ilivyo. Sheria iliwataka wahifadhi nakala hizo mpaka mwisho wa kidato cha pili, kisha zifutwe zote siku ya kufunga shule, ili zisije zikaangukia mikononi mwa mtu. Mwanafunzi mwenyewe akiomba kabla ya siku hiyo, hurudishiwa, wala haihitaji ruhusa ya mzazi.

"Wangapi wameomba?"

"Hakuna. Mtu hawezi kuomba kitu asichojua kwamba alikuwa nacho."

Sekela akasema yeye anaomba. Mwalimu Gwakisa akavua miwani.

Alimwambia ajue mambo mawili. La kwanza, kumbukumbu hairudi ikiwa imepoa. Hurudi mbichi, kama siku ilipotokea. La pili, ikisharudishwa hukaza kiasi kwamba utepe hauwezi kuilainisha tena. Atakaa nayo. Na mtihani wa taifa ulikuwa mbele yao.

"Wewe wa mwaka jana mimi namjua," alisema. "Wewe humjui. Alikuwa anaandika jina lake kwenye pembe ya karatasi, dogo, kwa penseli, kisha analifuta. Alikuwa anajikwangua mapaja kwa kifuniko cha kalamu. Alikaa kwenye kiti hicho hicho akaniambia hastahili kula chakula cha watu. Nilimsaidia, Sekela. Sijutii. Sasa unataka nimrudishe yule?"

Sekela alitoka akaenda kukaa nyuma ya maktaba, akapandisha sketi na kuyatazama mapaja yake. Mistari ilikuwepo, myembamba, imefifia, mingi. Kila siku aliyooga alikuwa ameisugua kwa sabuni na hakuwahi kuiona.

Kwa siku kadhaa alimwogopa msichana yule. Alimwogopa kama mtu anavyomwogopa mgeni aliye nje ya mlango ambaye ana ufunguo. Alijiambia kwamba mama yake mwenyewe amesema aache. Alijiambia kwamba baada ya mtihani atajifunza upya mambo ya kifafa, kwenye kitabu, kwa utulivu, na itatosha.

Kisha Mama Ambwene akapiga simu ya shule. Alieleza kwamba Bupe ameanguka tena, safari hii bombani, peke yake, amevunjika jino na kupasuka mdomo, na amekataza Sekela asiambiwe ila yeye ameona amwambie. Sekela alishukuru. Aliuliza maswali yanayofaa. Aliporudisha simu alijisikiliza, akisubiri kitu kimpande kifuani, machozi au maumivu au hata aibu. Hakuna kilichopanda. Alikuwa amepokea habari ya mwanamke fulani aliyevunjika jino. Akawaza kwamba siku atakapopigiwa simu ya msiba, ataipokea hivi hivi, atasema asante, atarudi darasani, na mkono wake utakuwa wa kwanza kunyooka.

Alikimbia. Alikuta Mwalimu Gwakisa akifunga mlango wa chumba, akamwambia aufungue.

*

Mwanzoni palikuwa na harufu: nyasi zilizokatwa karibuni na viti vya plastiki vilivyopigwa jua. Kisha rangi. Mama yake alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku ya wazazi. Sekela alikuwa kidato cha kwanza, mgeni, hana rafiki, amekaa mstari wa tatu kati ya wasichana aliotaka wampende.

Wazazi walikuwa wakisimama mmoja mmoja kujitambulisha. Bupe alisimama. Alitaja jina lake, akataja alikotoka, akaanza kusema yeye ni mama wa nani, na hapo maneno yakakatika. Kichwa chake kiligeuka kidogo kuelekea wanafunzi. Macho yake yakamtafuta Sekela. Yalimpata. Sekela aliijua dalili ile kuliko mtu yeyote duniani. Alijua kwamba amebakiwa na pumzi chache za kufika pale, kumshika mabega, kumshusha chini polepole.

Msichana wa kushoto akamgusa. Akauliza kama yule si mama yake.

"Simjui," Sekela alisema.

Mama akaanguka. Mguu wa chuma wa kiti ulikuwa pale pale, na kichwa kikaugonga, kikaugonga tena. Gauni likapanda, likalowa. Watu walirudi nyuma wakiogopa mate yake, mtu mmoja akasema asiguswe. Nyuma ya Sekela kicheko kilianza, kicheko cha woga, kikaenea mstari mzima, na Sekela akaachama mdomo akacheka nao. Alikuwa peke yake uwanjani pale aliyejua la kufanya. Alikaa juu ya mikono yake mpaka ikafa ganzi.

Baada ya hapo vikaja vingine vyote, vimefungamana kama mizizi, kwa kuwa utepe ulipoing'oa siku ile ulikuwa umeng'oa na kila kilichoishika. Mama chini ya meza. Mama shambani, mahindi yakiwa juu yao. Mama akifumbua macho na kuuliza ameanguka wapi. Kichwa chake, uzito wake, mapajani mwa mtoto wa miaka saba. Mikono nyuma ya baiskeli ikapata mtu.

Sekela alitapika mpaka ikabaki nyongo. Mwalimu Gwakisa alishika beseni.

"Pole," alikuwa akisema. "Pole, mwanangu. Pole."

*

Msichana yule wa zamani, yule mwenye ufunguo, aliingia, naye hakutoka. Sekela aliacha kunyoosha mkono. Alipoitwa kusoma, alibaki ameketi. Alikuwa akilia bila kutaka, mezani, bwaloni, na wenzake walimtazama kwa udadisi mtulivu, kama wanavyotazama tumbili aliyeingia darasani. Tumpe alihamisha godoro lake. Lakini wasichana wengine watatu walimfuata kwa siri, mmoja mmoja, wakauliza kama inauma. Aliwaambia inauma. Wakauliza kama angeweza kurudi nyuma angefanya tena. Aliwaambia ndiyo. Wote watatu wakaenda kuomba zao.

Ndipo mkuu wa shule, Madam Lwitiko, alipomwita mzazi.

Bupe alifika asubuhi yenye ukungu, mdomo bado una kovu jekundu, akakaa kwenye ukingo wa kiti ofisini. Alikuwa amevaa koti kubwa lililomfunika mpaka magotini. Madam Lwitiko alizungumza naye kwa heshima na kwa muda mrefu. Alisema binti alikuwa mwanafunzi wao bora na sasa ameporomoka mbele ya macho yao. Alisema sheria inamruhusu mtoto kuomba, lakini haimruhusu kuwavuruga wenzake, na maombi ya wale wengine ameyasimamisha. Kulainisha hakuwezekani tena. Hata hivyo ipo njia mpya, iliyokwisha kukubaliwa, nayo ni kukata. Utepe mwingine, wenye nguvu zaidi, huondoa eneo zima. Binti ataamka bila siku ile na bila miaka ya ugonjwa wa mama, tangu mwanzo. Atakuwa hodari kama zamani. Kinachotakiwa ni mzazi kuweka sahihi.

"Atanijua?" Bupe aliuliza.

Madam Lwitiko alisema atajua kwamba ana mama.

Mwalimu Gwakisa, aliyekuwa amesimama dirishani, alikuwa akifuta miwani yake. Bupe aliangalia kioo cha kuwekea sahihi kilichokuwa mezani, kisha akamwangalia binti yake, alivyokonda, alivyojikunja kitini kama anayetaka kupunguza nafasi yake duniani. Mkono wake ukasogea mezani. Sekela aliuona. Akaelewa kwamba mama yake atakubali, kama alivyokubali mara ya kwanza, na kwamba baada ya dakika chache atakuwa anamtazama mwanamke huyu bila kuelewa kwa nini amevaa koti kubwa namna hiyo.

Kulikuwa na jambo moja tu la kumzuia, nalo ni kumwambia alichofanya siku ya wazazi, ili ajue ni nini hasa binti yake anakataa kufutiwa; na jambo hilo mama hakulijua. Mama alikuwa na shimo mahali pale. Siku ile ilikuwa haijamwumiza, kwa kuwa hakuwa nayo. Sekela ndiye pekee aliyeishika, na akiisema ataipanda ndani ya mtu aliyekuwa salama nayo. Akinyamaza, atakatwa. Alitazama ule mkono wenye ngozi mpya ya waridi pale moto ulipopita. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Mama," alisema. Sauti ilitoka kama mkwaruzo. "Siku ile niliulizwa kama wewe ni mama yangu. Nikasema sikujui. Nikacheka."

Bupe aliurudisha mkono wake mapajani.

"Nilisikia," alisema.

Sekela alimkodolea macho.

"Kabla sijapotea kuna kitambo kidogo nasikia kila kitu. Hata mtu akimeza mate nasikia. Nilikusikia, mwanangu. Kicheko ndicho sikukisikia." Alivuta koti lake magotini. "Ndiyo maana niliwakubalia mara ya kwanza. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikaona libaki kwangu, wewe usome."

"Umekaa nalo muda wote huo?"

"Nimekaa nalo. Ulipokuja likizo ukanitazama kama unavyotazama watu stendi, nikajua nimekosea hesabu."

Alikuwa akilia, lakini alilia kimya, bila kujifuta. Alimwuliza Sekela anataka nini. Hakumwuliza mkuu wa shule, wala mwalimu. Sekela alisema anaogopa, kwamba usiku anajiona uchafu, kwamba hajui kama atafaulu chochote tena. Kisha akasema hataki kukatwa.

Bupe akasimama, akakisukuma kile kioo kwa vidole viwili mpaka upande wa pili wa meza.

*

Kilimamvua hawakumrudisha bweni. Alimalizia muhula katika shule ya kata, karibu na nyumbani, darasa lenye wanafunzi wengi na paa linalovuja, akafanya mtihani huko. Alifaulu kwa alama za katikati. Siku ya kusoma kwa sauti alisimama mbele muda mrefu sana bila neno, akasoma sentensi mbili, akaketi, na hakuna aliyempigia makofi. Mstari mwekundu mpya ulionekana pajani mwake. Mama yake aliuona, akampeleka kwa mshauri wa hospitali ya wilaya, mtu asiye na utepe wowote, ambaye alimwambia aje kila juma wazungumze.

Mwalimu Gwakisa aliacha kazi. Kabla ya kuondoka alijaribu kuwarudishia wale wasichana watatu nakala zao, akakuta chumba kimebadilishwa kufuli. Siku ya kufunga shule nakala zote zilifutwa, za wale watatu na za Tumpe pia. Sekela alipopata habari hiyo alikaa kitako barazani mpaka giza likaingia, akiwaza miguu inayoning'inia juu ya maji.

Bupe alianguka tena mwezi wa kwanza, mchana, walipokuwa wakichuma maharage nyuma ya nyumba. Sekela aliona kichwa cha mama kikigeuka kidogo. Aliogopa, na kwa mpigo mmoja wa moyo hakuweza kusogea. Kisha akafika. Alimshika mabega, akamshusha katikati ya mistari ya maharage, akamlaza ubavu, akavua sweta lake na kulikunja. Aliangalia saa. Alikuwa akitetemeka karibu sawa na mama. Alihesabu kwa sauti, akiomba, akisahau anahesabu nini, akianza upya.

Mtikisiko ukapungua. Mkoromo ukaanza, mrefu, mzito. Baada ya muda macho yakafumbuka, meupe kwanza, kisha yakatafutatafuta angani, yakashuka, yakatua juu ya uso wa Sekela. Hayakuwa na kitu ndani yake. Yalimtazama kama mtu atazamavyo jiwe.

"Wewe ni nani?" Bupe aliuliza.

Sekela alimpangusa mate kwa kiganja, akasogea karibu ili aonekane vizuri. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, na hakujaribu kuutuliza.

"Ni mimi, mama," alisema. "Pumzika. Sasa hivi utanijua."

Akasubiri.